Barua ya wazi kwa wanaoandika orodha ya masharti ya leseni ya ndoa

Kwa waheshimiwa watunga sheria, mawaziri wenye dhamana ya usajili, wasajili wa ndoa, na makarani mnaokaa upande wa pili wa dirisha,

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mtafsiri wa nyaraka na mkalimani, kazi ambayo imenikutanisha na wachumba wengi kuliko anaokutana nao mshenga. Huja kwangu wakiwa na bahasha nono na karatasi moja nyembamba: bahasha ni ya vyeti walivyokwisha kukusanya, na karatasi nyembamba ni ile orodha mliyoiandika ninyi, inayoeleza masharti ya kupata leseni ya ndoa. Mara nyingi vitu hivyo viwili havilingani. Ndani ya bahasha mna vyeti ambavyo orodha haikuvitaja lakini dirishani waliambiwa wavilete, na kwenye orodha mna vyeti ambavyo nchi walikozaliwa haijawahi kuvitoa. Barua hii inahusu orodha hiyo. Sina ugomvi na kuwapo kwake. Nina ugomvi na namna inavyoandikwa, na zaidi ya hapo na jambo moja ambalo ndilo la kwanza katika ndoa yoyote, na ambalo orodha nyingi hulimaliza kwa mstari mmoja wa sahihi chini ya ukurasa.

Niseme kwanza ninavyoielewa leseni yenyewe, kwa sababu watu wengi huichanganya na cheti cha ndoa. Leseni, ambayo mahali pengine huitwa kibali, na pengine haina jina hilo bali ni notisi ya nia ya kuoana iliyomaliza muda wake bila kuwekewa pingamizi, ni ruhusa inayoitangulia ndoa. Cheti ni ushahidi unaotolewa baada ya ndoa kufungwa na kuandikwa daftarini. Leseni isiyotumiwa huisha nguvu. Katika jimbo la New York hudumu siku 60 na kwa kawaida haitumiki kabla saa 24 hazijapita; Texas huwataka wachumba wangoje saa 72; Nevada haiwangojeshi hata kidogo, na leseni yake huishi mwaka mzima. Uingereza na Wales hudai notisi ya siku 28, ilhali Australia hudai mwezi mmoja na kuiacha notisi hiyo iwe hai kwa miezi 18. Nazitaja hesabu hizi mapema ili ionekane kwamba hakuna muda ulioshuka kutoka mbinguni. Kila nchi ilichagua, na kilichochaguliwa chaweza kuchaguliwa upya.

Wala mambo hayakuwa hivi tangu zamani. Kwa karne nyingi Kanisa la Magharibi liliitambua ndoa iliyofungwa kwa maneno ya wawili waliokubaliana, hata pasipokuwa na kasisi wala shahidi, na madhara yake yalionekana siku mmoja wao alipokana kwamba aliwahi kutamka neno lolote. Ndipo Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563, ukaamuru ndoa itangazwe mara tatu kanisani, kisha ifungwe mbele ya paroko na mashahidi wasiopungua wawili, ili mwenye kujua kizuizi apate nafasi ya kukisema. Notisi mnazobandika ukutani leo ni wajukuu wa tangazo lile. Leseni asili yake ni nyingine kidogo, na huwa natabasamu nikiikumbuka: katika Uingereza ya zamani ilikuwa ni idhini ya askofu ya kumwezesha mtu kuoa bila kutangazwa, ikilipiwa na wale wasiotaka majina yao yasomwe hadharani au wasioweza kungoja. Kilichoanza kama njia ya mkato, leo kwa wengi ndiyo njia ndefu kuliko zote.

Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya mwaka 1753 iliyoibatilisha ndoa isiyokuwa na tangazo wala leseni, na iliyomtaka aliye chini ya miaka 21 anayeoa kwa leseni awe na ridhaa ya mzazi, Scotland haikuguswa. Basi vijana wakavuka mpaka kwenda kuoana Gretna Green, kijiji kilichokuwa karibu tu na mstari, hata jina lake likawa na maana ya ndoa ya kutoroka. Sharti zito halimfanyi mtu aache kuoa. Humfanya akaoe kwingine, au akae na mwenzake bila kuandikwa popote, na asiyeandikwa ndiye anayehangaika siku ya mirathi, siku ya kudai pensheni ya marehemu, na siku ya kumwombea mtoto pasipoti.

Atakayesema hayo ni ya karne ya 18 namwomba aitazame Illinois. Kuanzia tarehe 1 Januari 1988 jimbo hilo la Marekani liliwataka wote wanaoomba leseni ya ndoa wapimwe virusi vya UKIMWI. Nia haikuwa mbaya. Hofu ilikuwa kubwa na tiba ilikuwa changa. Katika miezi sita ya kwanza walipimwa waombaji 70,846, na waliokutwa na virusi walikuwa wanane. Katika muda huohuo leseni zilizotolewa zilipungua kwa asilimia 22.5, huku majimbo jirani yakiona wakazi wa Illinois wakienda kuomba leseni kwao. Sheria ikafutwa mwaka 1989. Kabla ya hapo majimbo mengi ya nchi hiyo yalikuwa yakidai kipimo cha kaswende, tangu Connecticut ilipoanza mwaka 1935, na masalia ya sheria za namna hiyo yaliendelea hadi mwaka 2019, Montana ilipoacha kuwadai wanawake kipimo cha rubela. Sisemi kwamba kupima afya kabla ya ndoa ni jambo baya, na nakiri kwamba Kupro ilifanikiwa kupunguza sana watoto wanaozaliwa na thalasemia kali, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kuwataka wachumba walete cheti. Lakini pale cheti huthibitisha tu kwamba wamepimwa na kushauriwa, na uamuzi wa kuoana au kutooana hubaki mikononi mwao. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Cheti kimoja humpa mchumba habari. Kingine humpa karani mamlaka ya kumrudisha nyumbani.

Kwa hiyo ningependa kila sharti lililo kwenye orodha zenu lipimwe kwa kuulizwa: linajibu swali gani? Nionavyo, dola ina maswali matano halali ya kumuuliza mtu anayetaka kuoa au kuolewa. Wewe ni nani? Umefikia umri? Je, una ndoa nyingine ambayo sheria inaihesabu kuwa kizuizi? Je, wewe na mwenzako mna udugu uliokatazwa? Na je, unataka? Karatasi inayosaidia kujibu mojawapo ya hayo ina haki ya kuwapo. Ile isiyojibu lolote kati ya hayo inapaswa kujieleza, na nyingi hazitaweza. Jimbo la Wisconsin liliwahi kumzuia mzazi mwenye deni la matunzo ya mtoto asioe bila idhini ya mahakama, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipolitupa sharti hilo katika kesi ya Zablocki dhidi ya Redhail mwaka 1978, kwa kuwa deni lina njia zake za kudaiwa na ndoa si mojawapo. Uingereza nayo, kuanzia mwaka 2005, iliwataka wageni wengi wapate cheti cha idhini kabla ya kuoana, kwa ada iliyofika pauni 295, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua mwaka 2010, katika kesi ya O'Donoghue, kwamba mpango huo ulivunja haki ya kuoa, kwa sababu haukuwa ukichunguza hata kidogo kama ndoa ni ya kweli na kwa sababu ada yenyewe iliweza kumzuia mtu asiye na uwezo.

Sasa nije kwenye karatasi ninayoifahamu kuliko zote, maana nimeitafsiri mara nisizoweza kuzihesabu: cheti cha kutokuwa na kizuizi cha ndoa, ambacho wengine hukiita cheti cha useja. Tatizo lake ni la asili. Cheti cha kuzaliwa kinathibitisha jambo lililotokea. Hiki kinatakiwa kuthibitisha jambo ambalo halikutokea, tena mahali popote duniani. Nchi yenye daftari moja la kitaifa ambamo kila ndoa huandikwa inaweza kukitoa na kikawa na maana fulani. Marekani haina daftari la namna hiyo, kwa kuwa ndoa huandikwa katika majimbo na wilaya, hivyo raia wake anapokidai hupewa nafasi ya kuapa mbele ya ofisa wa ubalozi kwamba hana ndoa. Yaani ofisi moja inakataa neno la mtu, inamtuma kwenye ofisi nyingine, ofisi hiyo inaliandika neno lilelile na kuligonga muhuri, kisha ofisi ya kwanza inalipokea. Mwaka 1980 baadhi ya nchi zilitia saini mkataba mjini Munich ili kuwe na cheti cha aina moja cha uwezo wa kuoa, kinachosomeka bila kutafsiriwa. Ulikuwa mwanzo mzuri, ingawa ungeninyima kazi. Nchi zilizojiunga ni chache mno.

Kinachofanana nacho ni lile sharti la kwamba nakala ya cheti cha kuzaliwa iwe imetolewa ndani ya miezi mitatu au sita. Wachumba huniuliza kwa mshangao: je, mtu huzaliwa upya kila baada ya miezi mitatu? Sharti hilo lina sababu, na inasikitisha kwamba hakuna orodha niliyoiona inayoieleza. Katika nchi kama Ufaransa, tangu mwaka 1897, ndoa ya mtu huandikwa pembeni ya ukurasa wa kuzaliwa kwake, hivyo nakala mpya humwonyesha msajili kama mwenye cheti ameoa au ameolewa na kuachana tangu siku hiyo hadi leo. Pale nakala mpya ina akili. Lakini nchi nyingi haziandiki chochote pembeni ya ukurasa wa kuzaliwa. Nakala iliyotolewa leo haitofautiani hata kwa herufi na ile iliyotolewa miaka 30 iliyopita, isipokuwa kwenye tarehe ya muhuri. Kumdai mtu wa nchi hiyo nakala ya miezi mitatu ni kumtoza gharama na muda ili alete jibu la swali ambalo karatasi yake haiwezi kulijibu. Msajili anayejua kwa nini sharti liliwekwa angeliondoa palepale kwa mtu huyo; asiyejua hulishikilia, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa.

Nitoe kisa kimoja, nikiificha ofisi na wahusika. Mama mmoja mjane, mtu mzima, alitaka kuolewa na mgane wa rika lake. Sheria ilimtaka athibitishe kwamba ndoa yake ya kwanza ilikwisha, na hilo ni haki kabisa, kwa kuwa anayetoka katika ndoa anapaswa kuonyesha alivyotoka, iwe kwa hukumu ya talaka au kwa cheti cha kifo. Alikuwa nacho cheti cha kifo. Jina la marehemu lilikuwa na herufi moja zaidi ya ilivyoandikwa kwenye cheti chao cha ndoa, jambo la kawaida mno kwa majina yanayohamishwa kutoka maandishi ya aina moja kwenda ya aina nyingine. Mimi mwenyewe nimekuta jina la mtu mmoja limeandikwa kwa namna nne katika vyeti vinne, vyote halali. Dirishani aliambiwa akarekebishe kwenye ofisi iliyokitoa. Ofisi hiyo ilikuwa imeteketea vitani. Wakati akitafuta wa kumwandikia barua ya kueleza hilo, cheti chake cha kutokuwa na kizuizi kikatimiza miezi mitatu na kufa. Akaagiza kingine. Kilipofika, tafsiri ya cheti cha kuzaliwa ikaonekana imepitwa na wakati, nayo ikabidi ifanywe upya. Nililipwa mara tatu kutafsiri karatasi ileile, na katika mara hizo tatu sikubadilisha neno hata moja zaidi ya tarehe iliyo karibu na sahihi yangu. Mara ya tatu nilitaka kuukataa ujira ule, naye akaniambia nisione haya, maana si mimi niliyeandika orodha.

Jambo lililotatua shauri lake lilikuwa kwenye kanuni muda wote. Kanuni ziliruhusu kwamba penye hati isiyopatikana au yenye kasoro, msajili apokee kiapo cha watu wawili waliowafahamu wahusika. Karani hakulijua hilo, na orodha haikulisema. Aliyeligundua ni binti wa mama huyo, baada ya kukaa usiku akisoma kanuni kurasa baada ya kurasa, kazi ambayo kwa hakika si ya mtoto wa bibi arusi.

Naomba basi orodha ziandikwe upya, na zikiandikwa ziseme mambo ambayo kwa sasa hayasemwi. Kando ya kila hati pawe na sababu yake kwa sentensi moja, na pawe na kinachokubalika badala yake pale isipopatikana. Pawe na tarehe ya orodha na jina la kanuni inayoiunga mkono, ili mtu anayedaiwa kitu cha ziada dirishani aweze kuuliza kwa adabu kimeandikwa wapi. Tarehe za kuisha kwa vyeti zihesabiwe mpaka siku ya kupokea maombi, si mpaka siku ya ndoa, la sivyo wachumba watakimbizana na vyeti kama mtu anayejaza maji kwenye kapu. Na karani anayekataa hati aandike sababu ya kukataa kwake, aweke na sahihi. Sharti hili la mwisho litawakera wengi, lakini nimeshuhudia ukali wa dirishani ukilainika mara moja pale mtu alipoomba kwa upole jibu la maandishi.

Wakimbizi nawataja peke yao kwa sababu shida yao ni ya namna nyingine. Kumwambia mtu aliyekimbia serikali yake aende ubalozi wa serikali hiyo akachukue cheti ni kumtaka aingie katika mdomo alioukimbia. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, katika kifungu cha 25, unaitaka nchi inayompokea mkimbizi impatie, au isimamie apatiwe, hati ambazo kwa kawaida mgeni angepewa na mamlaka ya nchi yake. Nchi nyingi zimeutia saini. Madirisha machache yanaujua.

Kuhusu apostili, yaani muhuri unaowekwa kwenye hati ili ikubalike katika nchi nyingine, unaotokana na Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, nitasema kwa kifupi tu: unathibitisha kwamba sahihi ni ya aliyeiweka, kwamba alikuwa na cheo alichokitaja, na kwamba muhuri ni wenyewe. Hausemi lolote kuhusu ukweli wa yaliyoandikwa ndani. Nimewaona makarani wakiacha kusoma cheti kwa sababu kina apostili, na wengine wakikikataa cheti kisomekacho vizuri kwa kuwa apostili imebandikwa nyuma badala ya mbele.

Umri nao hauhitaji maneno mengi, si kwa kuwa ni jambo dogo, bali kwa kuwa jibu linajulikana. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, inaweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuolewa na inataka kila ndoa iandikwe. Delaware na New Jersey ziliziba mianya yote kwa walio chini ya umri huo mwaka 2018, na Uingereza na Wales zikafanya hivyo tarehe 27 Februari 2023. Neno moja tu kwa wale ambao sheria zenu bado zinaruhusu mdogo aolewe kwa ridhaa ya mzazi: mnaiweka sahihi ya mzazi mahali pa ridhaa ya mwenyewe, na mara nyingi mzazi huyo ndiye aliyeipanga ndoa. Mlinzi na mshitakiwa wamekuwa mtu mmoja.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 linasema katika kifungu cha 16 kwamba ndoa itafungwa kwa ridhaa huru na kamili ya wanaooana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu ridhaa, umri na usajili wa ndoa, uliofunguliwa kutiwa saini tarehe 10 Desemba 1962, unakwenda mbali zaidi: unataka ridhaa hiyo itamkwe na wenyewe, wakiwapo kimwili, baada ya kutangazwa ipasavyo, mbele ya mamlaka husika na mashahidi. Tazameni sasa orodha zenu. Kwa utambulisho mnadai hati mbili au tatu. Kwa kuzaliwa, nakala ya miezi mitatu. Kwa talaka, hukumu yenye muhuri, na tafsiri yake, na apostili ya tafsiri. Kwa ridhaa mnadai sahihi, ambayo mtu yeyote aliyekalishwa kati ya baba na mjomba wake anaweza kuiweka bila mkono kutetemeka.

Mimi huwa naketi pale. Najua inavyokuwa. Wachumba wanaingia na jamaa zao, chumba kinajaa, msajili anasoma maelezo kwa haraka kwa sababu nje kuna foleni, kisha anauliza: mnaoana kwa hiari yenu? Swali linaulizwa kwa wingi, na linajibiwa kwa wingi. Penye lugha mbili hali ni mbaya zaidi. Mara nyingi ofisi hazina mkalimani, hivyo bibi arusi asiyejua lugha ya ofisi hutafsiriwa na kaka yake, au shangazi yake, au bwana arusi mwenyewe. Niliwahi kuitwa kwa kuchelewa katika shauri moja na kumkuta ndugu akitafsiri. Msajili aliuliza kama binti anakubali kuolewa na mtu huyu. Ndugu akamwambia binti kwa lugha yao kwamba mama huyu msajili anauliza kama una furaha kuwa hapa. Binti akatikisa kichwa kukubali, na kalamu ikaandika kwamba amekubali kuolewa. Huenda alikuwa anakubali kweli. Ninachosema ni kwamba daftari limebeba jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Marekebisho yake hayahitaji majengo wala mitambo. Kila mmoja aulizwe peke yake, mlango ukiwa umefungwa, kwa dakika tano. Mkalimani asiwe ndugu wa upande wowote, na aape kama tunavyoapa mahakamani. Maswali yawe ya kuelezwa, si ya kujibiwa kwa ndiyo au siyo: mlifahamianaje, nani aliyeleta wazo la ndoa, na nini kingetokea ungesema unataka kungoja. Na binti au kijana anayesitasita aweze kuondoka bila kulazimika kuwaeleza jamaa zake kwa nini leseni haikutoka. Nchi zinazodai muda wa kungoja husema muda huo ni wa kumpa mtu nafasi ya kufikiri. Lakini siku 28 za kufikiri ndani ya nyumba ya wale wanaokulazimisha hazina faida kuliko dakika tano mbele ya mtu asiyekujua.

Najua mtasema hakuna muda, foleni ni ndefu. Foleni hiyo imerefushwa na watu wanaorudi mara ya tatu kuleta karatasi isiyojibu swali lolote. Punguzeni hizo, dakika tano zitapatikana.

Msajili mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akifanya hivyo bila kuagizwa na yeyote. Siku moja aliwaomba jamaa wote watoke nje, hata shangazi aliyesisitiza kwamba binti ni mwenye haya na hawezi kusema bila yeye. Tukabaki watatu. Msajili akauliza maswali yake polepole, nami nikayatafsiri neno kwa neno. Binti alikaa kimya muda mrefu, akatazama mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana arudi siku nyingine. Nilitafsiri. Msajili akafunga jalada, akasimama, akafungua mlango, na kuwaambia jamaa waliokuwa wakingoja kwamba samahani, kuna karatasi moja imepungua.

Wenu kwa heshima,

Mtafsiri wa nyaraka na mkalimani